Chipukizi wa Miaka Arobaini na Minane

Everad Quashie alikuwa msanii chipukizi kwa miaka ishirini na saba. Wenzake aliochipuka nao walishakomaa, wengine walishanyauka, mmoja ni mchungaji wa kanisa kule Brampton. Yeye alikuwa bado anachipuka tu, pale pale Malvern, mashariki ya Toronto, alikoletwa na shangazi yake kutoka kisiwa cha Saint Vincent akiwa na miaka tisa. Majira ya joto aliziba mashimo ya barabarani, majira ya baridi aliendesha greda la kusukuma theluji. Jukwaani, hata kama jukwaa lenyewe ni uwanja wa nyuma wa shemeji yake, aliitwa Prince Quash.

“Prince mpaka lini?” mkewe, Ionie, alizoea kumuuliza. “Wa rika lako wote wamesharithi viti vya enzi.”

Alikuwa na kanda moja, aliyoirekodi akiwa na miaka ishirini na moja. Nakala nyingi zilikuwa bado kwenye maboksi chumba cha chini, na juu ya maboksi hayo Ionie alipigia pasi.

Januari moja maktaba ya mtaa ikabandika tangazo: mashindano ya wasanii chipukizi wa hip-hop, na watatu bora watapewa studio na mtu wa kuwanoa. Fomu iliuliza jina, jina la kisanii, na uzoefu. Umri haikuuliza. Waliotunga fomu hawakuwaza kwamba kuna mtu wa kuulizwa.

Binti yao Kerlyn, wa miaka kumi na tisa, aliikuta fomu juu ya friji. Akaisoma amesimama, kisha akakaa.

“Baba, niambie hii si ile ya maktaba.”

“Ndiyo yenyewe.”

“Nusu ya niliosoma nao watakuwepo!”

“Safi. Waambie wakae mbele.”

“Mimi nahama. Nahamia Saskatoon.”

“Kule theluji hukaa muda mrefu zaidi. Utanikumbuka.”

Shida ilikuwa moja: wimbo mpya hana. Akaandika mistari mikali kuhusu mitaa iliyomlea kwa moto na damu, akamchania Ionie aliyekuwa anachambua mbaazi za wali wa Jumapili. Ionie alisikiliza mpaka mwisho.

“Mitaa gani hiyo?” akauliza. “Wewe umelelewa na shangazi mlokole. Giza likiingia umeshasali, umeshalala. Adui pekee uliyemjua ni kijiko cha mafuta ya samaki.”

Everad alinuna siku mbili. Siku ya tatu ikaanguka theluji ya kufika magotini. Asubuhi, akiwa kazini, alipita mbele ya nyumba moja na greda likaacha tuta zito mdomoni mwa njia ya gari, kama magreda yote yaachavyo. Mama mmoja akachomoka na beleshi, amevaa gauni la kulalia na mabuti ya mumewe, akasimama katikati ya barabara.

“Nazoa, unamwaga! Nazoa, unamwaga! Mgongo wangu unaaga!”

Everad akafungua kioo aombe radhi. Lakini kidole chake kilikuwa kinagonga usukani. Mama alikuwa ameingia kwenye biti bila kujua.

“Mama, samahani, hebu rudia,” akamwambia.

Alichorudia mama hakifai kuandikwa. Everad akashuka, wakalizoa lile tuta pamoja, na midomo yake ikicheza njia nzima.

Mashindano yalikuwa Jumamosi mchana. Mlangoni kijana aliyevaa beji akamwelekeza kwa adabu: “Wazazi wanakaa kushoto.”

“Mimi ni namba kumi na moja.”

Kijana akatazama orodha, akamtazama ndevu zenye mvi, akatazama orodha tena. “Prince Quash ni wewe?” Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza.

Alipopanda, vicheko vilisikika. Simu yake ikagoma kuongea na spika, kwa hiyo biti hakuna. Akaanza hivyo hivyo, mguu ukigonga sakafu: nazoa, unamwaga. Ukumbi ukatulia. Hapakuwa na mgongo mle ndani usiolijua beleshi. Mara ya tatu walikuwa wanaitikia wote, wazazi wa kushoto kwa sauti kubwa kuliko watoto wao.

Kisha akafika ubeti wa pili, ambao ndani yake anakiri kwamba dereva wa greda ni yeye.

Walizomea kwa raha zote. Glavu moja ikaruka, zikafuata kumi, moja ikamtua kichwani, na mistari iliyobaki ikamtoka akilini kama moshi.

“Jumatatu uliifukia gari yangu!” mtu akapayuka kutoka nyuma.

Hapo damu ya zamani ikachemka. Enzi za ujana wake mitindo huru ndiyo ilikuwa mtihani wa msanii: unachokozwa, unajibu papo hapo kwa vina. Ng’ombe hazeeki maini.

“Wa Jumatatu nisamehe, kuliona gari nilikosa, jeupe ndani ya jeupe, hapo mimi nina kosa?”

Ukumbi ukalipuka. Bibi mmoja akasimama. “Na sanduku langu la barua?”

“Bibi, sanduku la barua ndilo lililonisogelea; nimepiga honi mbili, likakataa kutembea!”

Alishika nafasi ya tatu. Wa kwanza alikuwa Hodan, msichana mwenye sauti ya kunyamazisha watu wanaotafuna, na Everad hakuwa na kinyongo.

Wa kumnoa akawa Tavaughn, prodyuza wa miaka ishirini na miwili.

“Anko, tuanze na taswira. Watu wakikuona barabarani wafikirie nini?”

“Waondoe magari.”

Tavaughn aliandika hilo kwenye daftari. Wiki ya pili akafunga mlango wa studio, akakiri kwa sauti ya chini kwamba mitindo huru hajui, hajawahi kujua, na je, Anko anaweza kumfundisha bila kumwambia mtu? Everad akamweka mbele ya kioo na kuanza kumtukania viatu, ajibu kwa vina.

Wimbo ukarekodiwa, redio ya mtaa ikaupiga kila theluji ilipoanguka. Bosi wake, Bwana Pacheco, akamwita.

“Unatangaza redioni kwamba tunaangusha masanduku ya barua?”

“Sikutaja kampuni, bosi.”

“Kuna dereva mwingine wa greda anayechana?”

Everad akaamriwa kwenda kulisimika sanduku la yule bibi kwa mkono wake mwenyewe. Alikwenda Jumapili na nyundo. Yule bibi alimsimamia toka dirishani, akidai limeinama, akamfanya alichimbue mara mbili, kisha akamwingiza ndani akamlisha samaki wa chumvi na maandazi mpaka mkanda ukabana.

Machi alialikwa kwenye ufunguzi wa duka la viatu ndani ya jengo la maduka la Malvern. Watazamaji walikuwa kumi na mmoja, wawili kati yao wakingoja basi. Alichana nyimbo nne. Ionie alimshikia koti. Kerlyn alisimama mbele kabisa akirekodi kwa mkono mmoja, wa pili ameufunikia uso, na vidole ameviachanisha apate kuona.