Nafasi ya Winga wa Kushoto

Nilikuwa bado ndani ya arobaini ya uzazi, na siku hiyo mwanangu alilia toka alfajiri hadi alasiri. Barazani, chini ya dirisha langu, shemeji yangu, nahodha wa timu ya mpira wa magongo, alikuwa ameketi na mume wangu, akimpimia wachezaji wake mmoja mmoja.

"Golini tuna ukuta. Mabeki wagumu, ila mmoja kashaanza kuchoka. Mbele kushoto ndiyo hatuna mtu."

Winga wao alikufa kwa homa siku ile ile niliyojifungua. Walikataa kumweka mwingine mahali pake mpaka khitma yake ya arobaini isomwe. Gongo lake walikuwa nalo pale barazani. Shemeji akaligonga sakafuni mara tatu, kama marehemu alivyozoea kabla ya mchezo.

Mtoto akanyamaza.

Alipoanza tena kulia, shemeji akagonga tena. Akanyamaza tena.

"Shemeji," akaniita dirishani, wala hakuwa anacheka, "winga wetu huyo. Tutamngoja akue."

"Mkamngoje makaburini! Huyu mwanangu, si akiba ya timu yenu. Lete hilo gongo!"

Akalipitisha dirishani, wakaondoka. Nilikusudia kulitia motoni. Lakini mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Ziwa hataki, kubebwa hataki. Kisha mimi mwenyewe nikalishika gongo la maiti, nikagonga mara tatu.

Alinyamaza, akageuza uso, akautazama mlango kama mchezaji anayengoja kuitwa uwanjani.