Dirisha Nililipima, Samaki Sikumpima

Siku yangu ya kwanza katika duka la vioo mjini Kisii sikushika kioo. Nilibeba maji. Haji, mwenye duka, alinitaka nijaze tangi jipya la samaki, nikae kando yake hadi jioni nikiangalia kama linavuja mahali silikoni, ile gundi ya kuunganishia vioo, ilipopita. Nilinung'unika kimoyomoyo. Mtu mzima na akili zangu, nilinde maji!

Haji hakuwa mtu wa maneno mengi, ila akifika kwa samaki wa dhahabu wa mapambo, wale wanono wenye mkia pacha, hakunyamaza. Alisema hununuliwa wakiwa kama kidole gumba, wakitunzwa wanakuwa kama ngumi. Wanakula sana, wanachafua sana, na kuogelea ni kwa shida. Basi wa kwanza mpe lita themanini, kila anayeongezeka arobaini. Na tangi liwe la kulala, si la kusimama, maana hewa huingilia uso wa maji. Nyinyi vijana wa leo mna simu za kuwapigia hesabu. Mimi na Haji tulizidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, tukagawanya kwa elfu, tukapata lita.

Hayo yote niliyajua nilipopewa kusimamia tawi letu la Keroka, na bado niliharibu. Sista msimamizi wa zahanati moja karibu na Sironga alitaka samaki watatu, watoto wanaongoja chanjo wapate cha kutazama waache kulia. Nafasi ilikuwa dirishani tu. Nikapima dirisha, nikamtengenezea tangi la kusimama, lita hamsini na kitu. Lilipendeza kweli. Sista akalifumia kitambaa cheupe cha kufunika juu, kama tunavyofunika kila kitu huku kwetu, nami nikakisifu badala ya kumwambia akitoe.

Mwezi haukuisha, wawili wakafa. Nilipofika, wa tatu alikuwa juu ya maji, anahema mdomo wazi. Sista hakunigombeza.

"Watoto wananiuliza wengine wako wapi, fundi. Huyu naye akifa, sitaki tangi tena hapa."

Nilimpigia Haji simu, nikajitetea kwa dirisha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Dirisha ulilipima. Samaki je?"

Aibu niliyoona siku hiyo sijaisahau. Nilikata vioo vipya: urefu mia na ishirini, upana arobaini, kina arobaini. Silikoni huchukua siku kadhaa kukauka. Siku hizo samaki aliishi kwenye beseni pana, Sista akimbadilishia nusu ya maji kila asubuhi. Nilipolileta tangi, halikuwa na pa kukaa. Sista akazungusha macho chumbani, kisha akaagiza meza yake ya kuandikia itolewe.

Sasa nimestaafu. Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu kuchanjwa palepale. Sista, sasa ana mvi, alikuwa akijaza kadi juu ya magoti. Yule samaki alikuwa kama ngumi ya mwanamume, na wenzake wapya wawili, na watoto wamebandika pua kwenye kioo. Machozi yalinilengalenga, sioni haya kusema.

"Fundi, nataka kuongeza wawili," alisema. "Litatosha?"

Futi yangu ya kupimia ilikuwa bado mfukoni. Nikachuchumaa katikati ya watoto, nikaanza na samaki.