Mstari Niliouruka Katika Barua ya Shule

Ipo siku moja ya likizo ya Pasaka ambayo nimezeeka nayo, mwanangu, na kila ninapodhani imelala, mtu huja kibarazani kwangu kuiamsha. Juma hili ameiamsha mama mmoja kijana, mke wa karani wa stesheni hapa Dodoma. Mwanawe amechaguliwa kwenda Tabora kwa treni na timu ya mpira wa magongo, na kabla ya safari mwalimu wa mchezo anawataka vijana wabaki shuleni likizo nzima kwa mazoezi. Bibi wa mtoto, aliyeko Haneti, naye anamngoja shambani.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimpeleke au nisimpeleke?"

Swali hilo nimeulizwa miaka mingi, nami nimechoka kulijibu kwa neno moja. Leo nalijibu kwa maneno mengi, univumilie.

Nilipokuwa msichana, Waingereza walikuwa wameishika nchi hii miaka michache tu. Nilisoma shule ya bweni ya misheni, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka kwetu. Mwalimu wetu wa michezo, bibi wa Kiingereza mwenye hatua ndefu na maneno machache, alitufundisha kuupiga mpira mdogo mgumu kwa gongo lililopinda ncha. Siku moja alinitazama nikipiga, akauliza ni nani aliyenifundisha kukunja kifundo cha mkono namna ile. Niliinamisha kichwa kwa haya. Aliyenifundisha alikuwa dungu. Kwetu, uwele unapokomaa, watoto hupanda dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, hubandika donge la udongo kwenye ncha ya fimbo nyembamba, na kulirusha kuwafukuza ndege. Mtoto aliyeamia ndege misimu mitano ana kifundo ambacho hakuna shule inayokifundisha.

Basi nikachaguliwa. Siku ya kufunga shule nikapewa barua ya wazazi, imeandikwa kwa Kiswahili safi. Ilieleza kuwa timu itafanya mazoezi muda wote wa likizo, kisha itapanda treni kwenda kucheza Morogoro. Na chini kabisa ulikuwapo mstari huu: mzazi anayemhitaji mtoto kwa kazi ya shamba abaki naye, nafasi ya mtoto haitapotea.

Baba na mama hawakujua kusoma, na Kiswahili chao kilikuwa cha mnadani, cha kuuzia mbuzi. Mimi ndiye niliyesoma na kuwafasiria kwa Kigogo. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya kanisani, hadi nilipoufikia mstari ule wa mwisho. Hapo nikauruka, na mahali pake nikaweka wa kwangu.

"Asiyekuja ataondolewa katika timu."

Sikuwa nimepanda treni maishani mwangu. Hiyo ndiyo sababu, wala sina nyingine ya heshima kuliko hiyo.

Walikaa kivulini ubavuni mwa tembe letu wakalipima neno hilo. Baba alikuwa mtu wa mzaha hata katika mashaka.

"Sisi fimbo tunachungia ng'ombe, na ng'ombe hutoa maziwa. Huo mpira wao wakiuchunga unatoa nini?"

"Unatoa mtoto anayejulikana na walimu wake," mama akasema. "Mwache aende, Baba Sechelela."

"Na dungu atakalia nani?"

"Mimi."

"Wewe, na mtoto mgongoni? Ndege watakucheka."

"Wacheke. Anayecheka hali."

Baba alicheka, kisha akautazama uwele uliokwisha kuinamisha vichwa. Alinitazama na mimi pia. Nilikuwa nimelishika gongo la shule kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. "Shule haitatuchagua mara mbili," alisema hatimaye. "Nenda."

Yaliyofuata hayachukui maneno mengi. Nilifanya mazoezi majuma matatu, nikapanda treni, nikakaa dirishani hadi macho yakawasha kwa moshi. Huko Morogoro nilikaa pembeni ya uwanja, gongo magotini, nikaingizwa mwishoni kabisa. Mpira ulinijia mara mbili tu.

Nyumbani, mama alikaa dunguni kila siku tangu alfajiri. Asubuhi moja mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya, alishikwa na homa mgongoni mwake. Mama akashuka kumpeleka nyumbani. Aliporudi, jua lilikuwa halijafika utosini, lakini kwelea kwelea walikuwa wamekwisha tua. Alirusha udongo hadi mkono ukafa ganzi. Nusu ya shamba ilibaki mabua yaliyosimama na mashuke matupu. Mwaka ule baba alimpeleka ng'ombe wetu mwekundu, yule wa maziwa, kwa jamaa zake wa mbali, akarudi na magunia ya mtama. Mchuma janga hula na wa kwao. Janga nililolichuma mimi, mdogo wangu alilila kwa kukosa maziwa.

Na njia ya mwongo ni fupi. Likizo iliyofuata, nikiwa nyumbani, mwalimu wa dini alikuja kutupa pole. Mama, aliyekuwa ameihifadhi barua darini kama hati ya thamani, akamletea aone jinsi shule ilivyomtaka binti yake. Mzee yule akaisoma, akaifasiri yote, hadi mwisho. Mimi nilikuwa natwanga. Mchi ulisimama mkononi mwangu.

"Rudia hapo," baba akasema.

Akarudia.

Nilingoja fimbo. Baba alikaa, akaviringisha tumbaku yake taratibu, kisha akaniambia, bila kuinua sauti: "Ndege siwalaumu, Sechelela. Wao hawakwenda shule."

Akaendelea: "Kukataa na kukubali ni kazi yetu. Lakini tunakata shauri kwa macho yako wewe. Jicho likificha, mguu utakanyaga wapi?"

Shule ilipofunguliwa alinisindikiza mwenyewe. Alibeba gongo langu begani, sambamba na fimbo yake ya kuchungia, njia nzima, wala hakulitaja shamba. Mwanangu, nilitamani anichape.

Ndiyo maana sikumwambia mama yule ampeleke au asimpeleke mwanawe. Treni si dhambi, wala mwalimu wa mchezo si adui. Yeye huona uwanja, na ndiyo kazi yake. Mzazi anapaswa kuiona nyumba nzima. Pima ni nani atakayepanda dungu mahali pa mtoto, na mgongo wake ukoje, kisha mweleze mtoto hayo waziwazi, maana mtoto asiyejua gharama ya safari yake hudhani safari haikumgharimu mtu. Likizo usiiogope. Kifundo changu kilitoka shambani; kama ningebaki dunguni majuma yale matatu, ningerudi nacho kikiwa bora zaidi. Na barua isomwe hadi chini, hata ikibidi na mtu wa pili. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Ewe kijana unayesomea wazee wako, neno langu kwako ni lile lile la baba yangu, la jicho na mguu. Sina la kuongeza.

Mungu awanyeshee mvua kwa wakati wake. Ndege wapite juu ya mashamba yenu bila kutua. Na watoto wenu, wawe uwanjani au dunguni, wawasomee kila mstari, na ule wasioupenda wausome kwa sauti.