Panzi wa Chuma Bandani

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikimtunza mhandisi mmoja mstaafu huko Bowie, jimboni Maryland, Marekani. Nilimwita Mzee, naye akalipenda neno hilo. Akili yake ilikuwa imeanza kupotea na kurudi. Binti yake, kabla ya kwenda kazini mjini, alinionya kuhusu dawa, ngazi na jiko. Kuhusu banda la nyuma hakuniambia kitu. Alidhani babake ameshalisahau.

Mle bandani mlikuwa na garimoshi dogo alilolitengeneza Mzee mwenyewe, la kunifikia kifuani, kwa mfano wa yale yaliyovuta mabehewa hapa hapa Maryland wakati magarimoshi yalipokuwa bado kitu kigeni. Boila lake, yaani tangi la kuchemshia maji, halikulala kama la yale niliyoyazoea Nakuru. Lilisimama wima kama pipa, na juu yake vyuma viwili virefu vilipanda na kushuka kama miguu ya panzi.

"Enzi hizo kila fundi alikuja na lake," Mzee aliniambia. "Hakuna aliyejua garimoshi linapaswa liweje."

Asubuhi moja nikiwa nakunja nguo, nilisikia harufu ya makaa. Nikatoka mbio. Mzee alikuwa ameketi mbele ya panzi wake, moto ukinguruma tanurini, mshale wa geji ya kupimia mvuke ukipanda.

"Mzee, umewasha mwenyewe?"

Alinitazama kwa upole. "Mke wangu yuko wapi? Chai imechelewa."

Mkewe alikuwa amefariki zamani. Mtu pekee aliyejua kulizima dude lile alikuwa ameondoka, ameniachia mwili wake tu.

"Tafadhali, Mzee. Linazimwaje?"

"Zuri, sivyo?" akasema.

Mshale ukafika kwenye alama nyekundu. Nikanyakua ndoo ya maji, kisha nikasita. Alishaniambia maboila ya zamani yalikuwa yakipasuka na kuua watu, ila sababu sikuikumbuka hata kidogo; huenda ilikuwa maji baridi. Nikaiweka ndoo chini. Nikamshika makwapani nimburute nje, naye akang'ang'ania meza.

"Niache! Nangoja treni!"

Niliwaza wanangu niliowaacha kwa mama yangu. Nikaomba Mungu kwa Kikuyu, kwa sauti, nikiendelea kumvuta. Hapo valvu ya usalama, ile ya kutoa mvuke ukizidi, ikafunguka kwa ukelele ambao sijausikia tena maishani. Banda lote likajaa mvuke. Nilimwangukia Mzee, nikafumba macho, nikajua tumekwisha.

"Inuka, binti," sauti kavu ikasema chini yangu. "Moto umezidi."

Alisimama, akachukua reki, akayavuta makaa yote hadi kwenye sakafu ya saruji. Akasubiri, jicho kwenye geji, bila haraka. Mshale ukaanza kurudi. Kisha akanigeukia kwa hasira.

"Nani amekuruhusu kuwasha?"

Nilitoka, nikaenda kukaa kwenye nyasi.

Jioni binti yake aliporudi nilimweleza, naye akaung'oa mlango wa tanuri ili lisiwashwe tena, akaondoka nao kwenye buti la gari. Nyumbani kwangu, mjini Laurel, Mtanzania niliyeishi naye alicheka mwanzoni nilipomsimulia, halafu akanishika mkono.

"Dada, iache kazi hiyo."

Sikuiacha. Lakini tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kumwamkia Mzee, nilipitia bandani kwanza, nikaweka kiganja juu ya chuma kile kuhakikisha ni baridi.