Watoto wa Sakafuni Hawahesabiwi

Katika nyumba ya mbao ya Durwood Cribbs, iliyokuwa katikati ya michungwa nje ya mji wa Kissimmee, hakuna mtoto aliyelala kitandani kabla hajaota ndevu au hajachumbiwa. Kitanda kilikuwa cha wakubwa. Watoto walitandikiwa sakafuni, mifarishi ya viraka ikapandanishwa miwili miwili, wakapangwa ubavu kwa ubavu kama samaki kaangoni, na aliyelia alifinywa na wa jirani mpaka akanyamaza. Ndivyo walivyolala baba zao, na ndivyo walivyolala babu zao. Kwa hiyo mtu wa ukoo huo akikwambia, "Tunakuja sita," ulitakiwa upike chakula cha watu kumi na watano. Wa sakafuni hawakuhesabiwa. Nani anahesabu vifaranga?

Leota aliolewa na Durwood katika nyumba hiyo akitokea Georgia, msichana mwenye miguu mirefu na maneno machache. Bustani kubwa ya burudani ilipofunguliwa ng'ambo ya mabwawa, dada yake Vonceil alianza kuja kila kiangazi na wanawe, kisha na wajukuu, waione kasri yake na farasi wa kuzunguka. Malazi hayakuwa na mjadala. Nani alipe kitanda cha mgeni ilhali dada yake ana sakafu? Walikula kambare wa kukaanga, wakatafuna karanga za kuchemsha barazani, na asubuhi wakaondoka wote kwa gari moja, wamebebana. Leota mwenyewe hakwenda hata mara moja. Alibaki kupika.

Kisha ikaja baridi ile iliyoua michungwa. Ikaja tena, ikaua na ile iliyokuwa imechipua upya. Durwood aliuza shamba kipande kwa kipande, na alipomaliza kuuza akafa, kama mtu aliyemaliza kazi aliyotumwa. Penye michungwa pakaota nyumba za wageni, zote za rangi moja, zimezungushiwa ukuta. Leota akahamia katika nyumba ya bati, moja ya zile zinazovutwa kwa magurudumu, kando ya mfereji. Ina chumba kimoja, jiko la kugeukia kwa shida, na baraza ndogo yenye wavu wa mbu. Wageni wa Georgia wakaacha kuja. Watu siku hizi wakikosa pa kulala hawaulizi tena kama kuna pa kujibanza.

Kisha mwaka mmoja Renelle, binti wa Vonceil, alipiga simu.

"Mama mdogo, tunataka kuja. Mama macho yanamwishia. Anasema anataka kukaa na wewe kabla hujawa kivuli."

"Njooni. Nani amewafunga miguu?"

"Malazi, mama mdogo! Hoteli niliyopata wanatutaka vyumba vinne, tena ghorofa mbalimbali. Tutasambazwa kama barua. Na Harlan amesema kama hatupati paa moja mwaka huu, basi, imekwisha. Mwakani kila mtu na watoto wake, kivyake."

Harlan alikuwa kaka yake Renelle, mtu wa kauli kali na mkoba mzito. Ndiye aliyekuwa na gari kubwa, na ukoo siku hizi humfuata mwenye gari.

"Mwambie Harlan anyamaze," Leota alisema. "Paa nitalitafuta mimi."

Alivaa viatu vyake vya kanisani akaanza kuifuata barabara kuu, nyumba moja ya wageni baada ya nyingine. Kila mahali kulikuwa na kioo, na nyuma ya kioo mtu anayetafuna kitu.

"Wanne kwa chumba, mama."

"Na mtoto mchanga?"

"Ana pua?"

"Anayo."

"Basi ni mtu."

Penye bei aliyoiweza, vyumba vilinuka moshi na godoro lilikuwa na historia. Pazuri palimtazama viatu. Siku ya tatu miguu ikiwa imevimba, aliingia ofisi ya wanaokodisha zile nyumba za ndani ya ukuta. Akapokewa na msichana wa Kipuertoriko aitwaye Yaritza, mwenye kucha ndefu na sauti ya upole.

"Mama yangu, una bahati," Yaritza alimwambia. "Kuna kubwa moja, wageni wake wameahirisha. Mwenyewe hapendi ikae tupu, anaitoa kwa bei ya chumba na nusu. Twende ukaione."

Leota alipoingia alisimama mlangoni asiweze kusogea. Dari ilikuwa juu mno. Ukisema neno, linapanda huko, linakaa kidogo, ndipo linashuka. Meza ya kulia ilikuwa ndefu kama ya kanisa siku ya mavuno. Kulikuwa na vyumba vya kulala, kila kimoja na bafu lake, na kimoja kilichochorwa ukutani meli na nyota, na vitanda vya watoto vimetandikwa mashuka yasiyo na doa. Nyuma, ndani ya wavu mkubwa kama wa kufugia ndege, kulikuwa na bwawa la maji ya buluu yaliyotulia. Leota alishika mdomo. Aliyaweka macho dirishani, akautambua mteremko ule wa ardhi kuelekea mferejini. Hapo ndipo Durwood alipokuwa akiegesha trekta.

"Anakaa nani humu?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama aliye msibani.

"Hakuna mtu, mama. Mwenyewe yuko ng'ambo. Hata kulala hajawahi."

"Hajawahi?"

"Hajawahi."

Leota alikaa kwenye ncha ya kiti. Kwamba binadamu anaweza kujenga vyote hivi, akavifunga, akaenda zake, kulimshangaza kuliko dari, kuliko bwawa. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa mlima ukitembea.

"Mtakuwa wangapi?" Yaritza aliuliza.

"Kumi," Leota akajibu papo hapo, na moyo wake ulikuwa mweupe kama yale mashuka. Walikuwa wakubwa kumi, yeye mwenyewe akiwemo.

Jumamosi magari mawili yalifika getini, alipokuwa akingoja Leota. Mlinzi alichungulia ndani, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena, akainua simu. Yaritza alikuja mbio, kucha zimeshika funguo.

"Mama Leota, ulisema kumi."

"Ndiyo, kumi."

"Naona kumi na watano."

"Aa, hao wadogo! Hao wanalala chini, mwanangu."

"Hata wakilala darini, wanapumua. Nyumba imeandikishwa watu kumi. Moto ukitokea, nani atajibu? Nikiwaruhusu, kazi yangu imekwenda."

Leota aliwatazama watoto wale watano waliokuwa wamebandika nyuso kwenye kioo cha gari. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliwahesabu. Uso ukamwaka moto.

"Nilisema mimi!" Harlan alipaza sauti toka usukanini. "Nilisema! Tumeendesha kutwa nzima ili tuje kurudishwa getini kama mbuzi wa wizi. Mama mdogo bado anadhani huu ni wakati wa michungwa."

"Harlan, funga mdomo kabla nzi hajaingia," Vonceil alisema. Alikuwa amekaa mbele, ameinua kidevu, macho yake yenye ukungu yakitazama pasipo kitu. "Leota. Uko wapi?"

"Niko hapa, dada."

"Una sakafu?"

"Ninayo. Si kubwa."

"Basi tatizo liko wapi?"

Ikaamuliwa hivyo. Mchana wote wangekuwa pamoja. Yaritza hakukataza wageni wa mchana. Kulala, wakubwa walale ndani ya ukuta, na watoto waende kwa Leota. Yeye naye, ambaye tayari alikuwa amechagua kitanda karibu na dirisha, akakiacha kitupu. Harlan alicheka puani. "Paa moja hilo limekwisha," alisema, na hakuna aliyembishia, maana lilikuwa kweli. Leota aliondoka na watoto amebana mifarishi kwapani.

Jioni hiyo, giza lilipoingia, mbingu upande wa Bustani ikalipuka kwa fataki. Ikawa nyekundu, ikawa ya dhahabu, ikamwagika chini kama mtama unaopepetwa, na mshindo wake ukafika baadaye, ukatikisa bati na vikombe. Maji ya mfereji yaliwaka. Watoto walikuwa barazani, midomo wazi, na mdogo wao, Macie, alikuwa ameshika gauni la Leota kwa mikono miwili.

"Bibi, leo ni sikukuu gani?"

"Si sikukuu. Ni hivyo kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku Mungu aliyoiumba."

Macie alimgeukia kwa hasira ya kweli. "Na wewe huwa unafanya nini?"

Saa hiyo Leota huwa jikoni. Huwa anaosha vyombo. Huwa anaanua nguo. Miaka yote hiyo mbingu imekuwa ikichanua juu ya kichwa chake, na yeye ameichukulia kama mvua ya mwenzake. Aliketi sakafuni kati ya watoto, mgongo ukalia, akatazama mpaka cheche ya mwisho ikazimika na moshi ukaelea mweupe juu ya vinamasi. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa ya jikoni.

Asubuhi, kwenye ile meza ndefu, watoto walisimulia mpaka mikate ikapoa. Kwamba chura aliingia. Kwamba Bibi anakoroma kama mashua ya injini. Kwamba kutokea huko mbingu inaonekana yote, na huku ndani ya ukuta mnaona ukuta.

"Na nyinyi mlilalaje?" Leota aliwauliza wakubwa.

Wakatazamana. "Vizuri," alisema Renelle. "Kimya sana. Kila mtu alifunga mlango wake. Nilitaka kumwambia mtu kitu, nikaona itabidi nipige hodi."

Jioni ya pili Renelle alikuja kwenye nyumba ya bati, akasema amekuja kuwaangalia watoto, asije mmoja akaumwa tumbo. Alijilaza kidogo tu. Asubuhi alikutwa kwenye mfarishi na mguu wa mtoto shingoni. Jioni ya tatu walikuja wengine wawili, wakasema joto limewazidi, ingawa kule ndani ya ukuta kulikuwa na baridi ya kuhifadhi nyama. Harlan aliwacheka wote. "Nimelipia vitanda," alisema, "na vitanda nitavilalia."

Jioni ya nne gari lake kubwa lilisimama kando ya mfereji. Harlan alishuka, akafungua mlango wa pili, akamshusha mama yake taratibu, mguu mmoja kisha wa pili. Vonceil alikuwa amekumbatia mto.

"Amenilazimisha," Harlan alisema, bila kumtazama mtu.

"Kule nikikohoa najisikia mwenyewe," Vonceil alisema. Alipapasa hewa mpaka mkono wake ukampata mdogo wake, ukapanda begani, ukagusa shavu, ukakaa hapo. "Umekonda, Leota. Sogea."

Leota alisogea. Watoto nao walisogea pale barazani, wimbi lile likaenda mpaka ukutani. Dada wawili wazee, ambao hawakuwa wamelala sakafu moja tangu wakiwa wasichana, walilala chali, na mshindo wa kwanza wa mbinguni ulipofika, Vonceil aliweka kiganja kifuani kusudi ausikie kwa mifupa. "Rangi gani?" aliuliza. Watoto wakajibu kwa pamoja, kila mmoja rangi yake, wakigombana, na yeye akatikisa kichwa kama anayewaamini wote.

Leota alimtazama dada yake uso ukimulikwa na kuzimika, akawaza kwamba alitembea barabara nzima akitafuta nyumba itakayowatosha.

Harlan alikuwa bado amesimama kwenye ngazi, funguo mkononi. Alitazama ndani. Hapakuwa na pa kuweka hata ndoo. Akavua viatu, akakaa kwenye ngazi, akaegemea nguzo ya baraza, akaitikisa kidogo kuona kama ni imara.

"Mama mdogo," aliita.

"Sema."

"Mwakani hii baraza haiwezi kusogezwa kidogo upande wa mfereji?"

"Inaweza," Leota akajibu. "Mbao utaleta wewe."