Chelimo Akagua Somo la Daktari

Kapsoit nzima hakuna aliyechuna majani chai kama Chelimo, wala aliyepewa asante chache kama yeye. Alikuwa amepita miaka hamsini bila kukalia dawati hata siku moja. Baba yake alikuwa na watoto wawili na nia ya kusomesha mmoja. Alexander akapewa kalamu, Chelimo akapewa kapu. Sasa Alexander ni daktari, si wa sindano, wa chai. Anafundisha chuo kikuu kwa mtandao, na watu wanamsikiliza wakiwa wamelala vitandani mwao.

Chuo kikasema hakuna somo la mtandao litakalofunguliwa kabla ya kukaguliwa, na kwa kuwa hili lilikuwa la wakulima pia, mkaguzi mmoja lazima awe mkulima. Alexander akamtaja dada yake haraka. Aliona kwamba mtu asiyejua kusoma ataweka kidole popote atakapoonyeshwa.

Ijumaa akamleta Molly Adoyo, msichana wa ofisi ya masomo ya mtandao, na kompyuta na fomu yake. Somo lilitakiwa kufunguliwa Jumatatu. Molly akasema mwenye somo haruhusiwi kukaa na mkaguzi, kwa hiyo daktari na suti yake akaenda kusimama na ng'ombe, naye Molly akawasha video ya somo.

"Mama, nikusomee maswali?"

"Soma, mwanangu. Mimi kila kitu nasomewa."

"Je, mwalimu anaonekana vizuri?"

"Sana. Tumbo lote limeingia."

"Je, urefu wa somo unafaa?"

"Andika hivi: ng'ombe amekamuliwa, maziwa yamechemka, yeye bado anajitambulisha."

Molly alikuwa bado anacheka wakati picha ilipogeukia shamba na Chelimo akaiinamia kompyuta. Mikono miwili ilikuwa imetokea juu ya majani, na kidole kimoja kidogo kilikuwa kimepinda. Kidole hicho alikijua, kwa sababu kilikuwa chake. Mwaka uliopita Alexander alikuja na simu akisema anapiga picha ya ukumbusho. Mikono ikakunja chipukizi, likakatika, ka! Likikatika hivyo ni laini, chuna. Likijikunja kama kamba limekomaa, liache. Chelimo aliligundua jambo hilo akiwa na miaka kumi, alipochoka kuchapwa kwa kuleta majani magumu. Sasa sauti ya Alexander ndiyo iliyokuwa ikilieleza, polepole, kama mtu aliyelizaa.

"Mimi amenitaja wapi?"

"Bado, mama."

Wakangoja hadi mwisho. Alexander alimshukuru mkuu wa idara, akamshukuru mpiga picha, akamshukuru hata dereva. Kisha video ikaisha.

Molly akarudi nyuma kukagua maandishi yanayopita chini ya picha, yale ambayo mashine huandika yenyewe ikisikiliza. Ghafla akafunika mdomo.

"Daktari alitaka kusema 'mbinu niliyoboresha shambani'. Lakini ulimi wa huku umegeuza b kuwa p na kukata mwisho wa neno, na mashine imeandika 'mbinu niliyopora shambani'. Wacha niweke alama ya kosa."

Chelimo akamshika mkono. "Mbinu aliyofanya nini?"

"Aliyopora, mama. Kama mtu amenyang'anya."

"Nani ameandika?"

"Mashine."

"Inamjua Alexander?"

"Haimjui mtu yeyote."

"Basi ina akili kushinda chuo. Hapo hakuna kosa. Andika mkaguzi amesema ni kweli tupu."

Alexander akaitwa. Alisoma mara mbili, jasho likamtoka.

"Dada, wanafunzi mia tatu watasoma hiyo kitu!"

"Wasome. Asiyejua kusoma ni mimi peke yangu."

"Lakini ni ulimi tu umeteleza!"

"Ulimi wako umeungama, Alexander. Umebaki wewe."

Alexander akamtazama Molly, Molly akatazama fomu. Nafasi ya kidole cha mkulima ilikuwa wazi, na bila kidole hakuna Jumatatu.

"Sasa unataka nini?"

"Ingia kwa majani, useme ni nani alikufundisha. Mashine isikie, na watu wa Jumatatu wasikie."

Daktari akaingia shambani na viatu vyake vya ofisini, Molly akainua simu.

"Mbinu hii nilifundishwa na dada yangu mkubwa, Chelimo."

"Sauti ndogo," akasema Chelimo.

Akarudia.

"Uso umekasirika. Wanafunzi wataogopa chai."

Akarudia tena, pikipiki ikapita na kumeza jina. Mara ya nne alilisema wazi, neno kwa neno, mpaka wanawake waliokuwa wakichuna shamba la jirani wakanyoosha migongo na kugeuka kusikiliza.

"Hiyo imetoka vizuri sana, mama," akasema Molly.

"Najua," akasema Chelimo, akijivutia kigoda akae vizuri. "Arudie."