Joto Lisilofika Kwenye Faili

Ng'ombe wa mzee Saibulu, mfugaji wa bondeni, walianza kukohoa masika yakiwa yamekolea. Naipanoi, binti wa kaka yake, alizipata habari hizo akiwa kazini Mikumi, kwenye duka la dawa za mifugo. Ng'ombe wale walikuwa wamechanjwa homa ya mapafu, na chanjo ilitoka kwenye friji aliyoilinda yeye.

Aliilinda kwa kompyuta ndogo yenye kipimajoto. Alikuwa amesomea kompyuta Morogoro, na programu aliiandika mwenyewe kwa lugha ya C: kila baada ya dakika chache, joto la friji liandikwe kwenye faili. Programu nyingine ililisoma faili hilo, na kama joto halikuzidi kiwango cha nyuzi nane, kioo kilionyesha neno SALAMA. Masika yote umeme ulikatika kila siku. Masika yote kioo kilisema SALAMA.

"Mashine yako haijakosea hata mara moja," alisema Donati, mwenye duka. "Labda mzee alichanja ng'ombe waliokuwa wagonjwa tayari."

Naipanoi alilifungua faili lenyewe, akashuka mpaka chini. Mstari wa mwisho ulikuwa wa kabla mvua hazijaanza.

Programu ya C haipeleki kila mstari papo hapo kwenye kadi inayohifadhi faili. Huikusanya kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, iitwayo bafa, na kuimwaga kwenye kadi bafa ikijaa, faili likifungwa, au ikiamriwa. Yeye alilifungua faili mwanzoni, asilifunge wala kuamuru chochote. Kila umeme ulipokatika kabla bafa haijajaa, vipimo vilivyokuwamo vilipotea. Kioo kilikuwa kikisoma baridi ya kiangazi.

Aliongeza fflush, amri ya kuimwaga bafa, baada ya kila mstari, kisha fsync ili maandishi yafike kwenye kadi kwelikweli. Mchana ule umeme ukakatika. Uliporudi jioni, kipimo cha kwanza kiliandikwa: nyuzi kumi na tisa.

"Nani wengine wamechukua chanjo hapa?" aliuliza.

"Wengi. Malolo, Kilosa, wafugaji wote wa bondeni." Donati akashusha sauti. "Usiseme kitu kwanza, Naipanoi. Tutafilisika."

Naipanoi alikuwa ameshachukua simu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile chanjo ilikuwa imeharibika. Kosa ni la programu yangu. Watenge wanaokohoa, na usipeleke hata mmoja mnadani."

"Kijana wangu Seuri aliondoka na baadhi yao jana kwenda mnadani," alisema Saibulu. "Wamelala zizi moja na mifugo ya watu."

Naipanoi alimpigia afisa mifugo, akamweleza yote bila kujificha. Mnada ulifungwa kesho yake. Seuri alipatikana, lakini wiki chache baadaye ng'ombe wawili wa mfugaji mwingine waliolala zizi lile walikuwa wamesimama shingo zimenyooshwa, wakihema kwa shida.